Mwandishi wa Tatu

Ni mimi niliyelifuta lile jina. Si mhariri, si mtambo, si karani aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nililifuta mwenyewe, saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani, na nilipomaliza nikainywa ile chai hadi mwisho. Kwa miaka kumi na mitatu nimekana. Nimekana kwa maneno, nimekana kwa kunyamaza, na siku moja, mbele ya kamati, nilikana kwa neno moja fupi ambalo nitalifikia. Mimi ni mtu wa kuzunguka, wanafunzi wangu wanajua, kwa hiyo hata kukiri kwangu kutapitia kwa mtu mwingine: yule niliyemdanganya.

Nitamwita Daktari, kama tulivyomwita sote. Jina lake sitaliandika. Nimekwisha kuonyesha kwamba majina ya watu hayako salama mikononi mwangu.

Daktari alikuwa mtafiti wa kunde. Alifundisha katika chuo kimoja huku Meru, lakini mashamba yake ya majaribio yalikuwa Mbeere, ile Embu ya chini, ambako mvua hunyesha ikijisikia. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye suruali zilizoishia juu ya kifundo cha mguu, na harufu ya vumbi la maghala haikumtoka hata siku ya mahafali. Mimi nilikuwa mhadhiri wa isimu, binti wa wakulima wa viazi wa Kiirua, mtu niliyeamini kwamba kunde ni kunde. Tulikutana kwa sababu yeye alihitaji mtu wa lugha, na mimi nilihitaji makala.

Ambaye hajawahi kufundisha chuoni ataniwia radhi nieleze jambo moja. Mwalimu wa chuo hapandi cheo kwa kufundisha vizuri. Hupanda kwa kuhesabiwa. Huhesabiwa makala alizochapisha, jarida lililozichapisha lina hadhi gani, wenzake wa dunia wamemnukuu mara ngapi, na aliandika na nani. Kila kitu kina alama zake. Makala ikiwa na waandishi wengi, alama hugawanywa sawa kwa sawa, kama mbuzi wa sherehe: mkiwa wawili kila mtu anabeba nusu, mkiwa kumi mnaondoka mkilamba vidole. Sheria hiyo si mbaya. Ilitungwa kuwazuia wale wanaotiana majina kwenye makala za wenzao kama watu wanaopeana lifti.

Daktari ndiye mtu pekee niliyemjua ambaye sheria hiyo ilimpiga kwa kuwa mwaminifu. Yeye aliwaandika wakulima. Simaanishi aliwashukuru mwishoni, pale wanaposhukuriwa madereva. Aliwaandika juu, chini ya kichwa cha makala, pamoja na maprofesa. Ana makala moja yenye waandishi kumi na wanne. Watatu ni wa chuo, waliobaki ni akina mama wa Mbeere na wanaume wawili, mmoja wao akiwa ameweka kidole gumba kwenye fomu ya jarida.

"Daktari," nilimwuliza mara moja, "si uwaweke tu kwenye shukrani?"

"Shukrani ni za aliyekuletea chai," akasema. "Huyu mama amechagua mbegu miaka arobaini. Mimi nimemkuta akichagua. Kama kuna wa kushukuriwa, ni mimi niliyebeba karatasi."

Siku ya kupima mavuno ndiyo ilikuwa siku ya kumwona. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, yenye ndoano chini na uso wa mviringo kama saa ya ukutani, na aliitundika kwenye boriti ya ghala la mwenye shamba. Mwanafunzi hakuruhusiwa kusoma mizani. Aliyesoma ni mwenye shamba. Gunia likining'inia, mama alisogea, akakaza macho, akasema namba. Daktari, kalamu mkononi, hakuandika. Alisema, "Rudia."

Mama akatazama tena, akasema tena. Ndipo Daktari alipoandika, na akamalizia kwa sauti, "Nimeandika." Kabla ya neno hilo hakuna aliyeruhusiwa kulitoa gunia kwenye ndoano.

Mwanzoni nilidhani ni madoido ya wanasayansi. Kisha nikaona namba zikibadilika. Mara ya kwanza mama alisema kumi na nne, mara ya pili akasema kumi na mbili na nusu. Hakuna aliyecheka, na Daktari hakuinua hata nyusi. Njiani tukirudi nikamwuliza kama wale mama walikuwa wanadanganya.

"Hapana," akasema. "Mara ya kwanza mtu husoma anachotaka. Mara ya pili husoma kilichopo. Ukimpa mtu mara moja tu, umemnyima nafasi ya kusema kweli."

Nilicheka, nikaliandika kwenye daftari langu kama msemo mzuri. Sikujua kwamba daftari lilikuwa linanisubiri mimi.

Asidhani mtu kwamba namchora malaika. Mtu huyu aliyepigania majina ya wakulima hakuwahi kujua jina la mwanafunzi wake hata mmoja. Aliwaita kwa nguo. "Wewe wa koti, lete udongo." "Wewe wa shati la jana." Msichana mmoja aliandika tasnifu chini yake miaka minne akiitwa "Wewe wa kitambaa," na siku ya kutetea kazi yake, Daktari alimtambulisha kwa watahini kwa kusoma jina kwenye jalada, polepole, kama anayesoma dawa. Mimi mwenyewe nilikuwa "Mwalimu wa Lugha." Nilipomlalamikia, alishangaa kweli. "Lakini wewe jina lako liko kwenye mshahara," akasema. "Litapotelea wapi?"

Tena alidharau kuhesabiwa, na hapo hapo alijihesabu kuliko mtu yeyote. Kila asubuhi, kabla ya kusalimia watu, alifungua simu kuona ni nani amemnukuu. Akipata mmoja, chuo kizima kilijua. Mara moja mtafiti wa nchi ya mbali alimnukuu kimakosa kabisa. Makala ya Daktari ilihusu wadudu wa kunde, na yule bwana akaitaja kama ushahidi kuhusu magonjwa ya mbuzi. Nilitegemea atakasirika. Aliingia ofisini kwangu akiwa ameinua simu kama kombe.

"Hakuisoma," nikamwambia.

"Hakuisoma, lakini ameniona," akasema. "Asiyeonekana hata kwa makosa ndiye aliyekufa."

Alikuwa akitaka uprofesa, na hakuficha. Nyumbani kwake ni Majengo, hapa Meru mjini, na nduguye ana bucha hatua chache kutoka msikitini. Ijumaa baada ya swala Daktari alikaa pale kwenye kiti cha plastiki, na Majengo yote ilikuwa imekwisha kumpandisha cheo kitambo.

"Profesa! Nikukatie mbavu?" nduguye aliita, kisu kikiwa hewani.

"Bado."

"Mbavu bado ama uprofesa bado?"

"Vyote. Anza na mbavu."

Wateja walicheka kila wiki kama mzaha ni mpya. Lakini lile "bado" alilisema kwa namna ya mtu anayetaja basi ambalo ameona vumbi lake kwa mbali. Alikuwa na hakika linakuja.

Sasa nifike kwa mwandishi wa tatu. Alikuwa mama mzee wa upande wa Siakago, na jina lake, ambalo nitaliandika hapa kwa herufi zote, lilikuwa Ciarunji Njue. Sisi tulimwita Cucu, kama wajukuu wake. Cucu alihifadhi kunde, ambazo kule huitwa nthoroko, katika vibuyu vilivyopangwa ukutani, kila aina na kibuyu chake, kila kibuyu na majivu yake ya kuzuia wadudu. Na kila aina ilikuwa na jina. Kazi yangu ilikuwa kuyachukua hayo majina ya Kimbeere na kuyaeleza. Kulikuwa na aina ambayo jina lake lina maana ya Aliyekuja na Mkwe. Kulikuwa na Usimwambie Jirani. Kulikuwa na Njaa Ilinikuta Njiani, ambayo hukomaa kabla ya nyingine zote. Na kulikuwa na moja ambayo Cucu aliitaja akiwa ameziba mdomo kwa leso: Mgeni Atachoka.

"Kwa nini atachoka, Cucu?" nikauliza.

"Hiyo unaiteleka mgeni asiyetakiwa akifika," akasema. "Unamwambia ngoja chakula. Jua linazama, inachemka tu. Mwisho anakumbuka ana mambo kwake."

Daktari alicheka hadi akaweka kalamu chini. Kisha akazibeba hadi Meru, akazichemsha zote maabara, saa mkononi, na ile ndiyo iliyochelewa kuiva kuliko zote. Akaja kuniambia kana kwamba tumegundua sayari. "Unaona? Jina ni kipimo ambacho mtu alikwisha kupima. Sisi tunakuja na mashine kuthibitisha kicheko cha Cucu."

Hiyo ndiyo makala tuliyoandika: majina ya mbegu, na vipimo vya maabara, na jinsi vinavyolingana. Cucu hakujua kusoma herufi, lakini alijua kusoma mizani, na siku ya mwisho ya kazi alituuliza, akiwa amesimama mlangoni na kibuyu kwapani, "Na langu mtaliandika?"

"La tatu," Daktari akamjibu. "Mimi, Mwalimu, wewe. Nitakuletea karatasi yenyewe uibandike ukutani."

Kutuma makala jaridani ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kuandika barua za adabu. Na ilitokea kwamba wiki ile ile nilikuwa najaza fomu ya kuomba cheo cha mhadhiri mwandamizi. Nilikuwa nimenyimwa mara mbili. Dada yangu mdogo, mwalimu wa msingi huko Muthara, alikuwa ameanza kuniuliza kwa upole kama nimefikiria kurudi kufundisha sekondari. Nikapiga hesabu. Theluthi ya makala ile ilinipungukia kidogo sana. Nusu yake ilinitosha na kubaki.

Nikajiambia, Cucu hapandi cheo chochote. Hiyo ilikuwa kweli. Nimekuja kugundua kwamba uongo wangu mwingi umesimama juu ya jambo moja la kweli, kama kiti cha mguu mmoja, na huwa siukalii, nawakalisha wengine. Nikaweka kidole kwenye kitufe, herufi zikarudi nyuma moja moja, Njue kwanza, kisha Ciarunji, kisha ile alama ya mkato iliyomtenganisha na mimi. Nikatuma.

Makala ilikubaliwa. Jarida lilikuwa kubwa, lile ambalo watafiti wa mazao ya nchi kame huota kuchapisha ndani yake. Mimi nikapandishwa cheo, dada yangu akanichinjia kuku. Na Daktari akaenda mjini, akachapisha nakala ya rangi, akaitia kwenye jalada la plastiki la kumpelekea Cucu. Aliisoma kwa mara ya kwanza akiwa kwenye korido yetu, akitembea. Nilisikia hatua zake zikisimama. Kisha akaingia.

"Mwalimu wa Lugha. Tulikuwa watatu."

"Mhariri," nikasema. Halikuwa limepangwa, lilitoka kama chafya. "Anasema mwandishi lazima awe na taasisi."

"Taasisi gani?"

"Chuo. Kituo cha utafiti. Kitu kama hicho."

"Cucu ana shamba."

"Ndivyo nilivyomwambia," nikasema.

Hapo ndipo ninapojiogopa. Uongo wa kwanza ulikuwa wa kujiokoa. Ule wa pili ulikuwa wa kujipamba.

Daktari alikaa, akaomba karatasi, akamwandikia mhariri barua kwa mkono, kurasa mbili, pale pale mezani kwangu. Akanipa niinyooshe Kiingereza na kuituma, kwa kuwa makala ilikuwa chini ya anwani yangu. Nikamwambia nitaituma kesho. Barua hiyo iko kwenye droo yangu hadi leo. Kila baada ya wiki alichungulia mlangoni. "Amejibu?" "Bado," nilisema, na niliona aibu hata ya kutumia neno lake. Baada ya miezi mitatu akaacha kuuliza. Akasema mtu asiyejibu barua kama ile amejibu, na kuanzia siku hiyo yeye hatampelekea yule mhariri hata mstari mmoja.

Alitimiza. Alikuwa na kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, majaribio ya miaka sita, na jarida lile lingeichukua kwa mikono miwili. Aliipeleka kwenye vijarida vidogo visivyo na alama, vingine vikafa kabla ya toleo la pili. Aliwakataza hata wanafunzi wake. "Wewe wa koti, usipeleke kule. Kule wanang'oa watu."

Kwa Cucu alisisitiza twende wote wawili. Ile nakala ya rangi hakuibeba. Alisema hawezi kumpelekea mtu karatasi ambayo yeye hayumo. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama vibuyu huku akimweleza, kwa Kimbeere chake cha kuvunjika, kwamba mwenye gazeti amekataa jina lake. Cucu alifikiri kidogo.

"Huyo mwenye gazeti," akauliza, "amewahi kula nthoroko?"

"Sidhani, Cucu."

"Basi hana kosa. Mtu hawezi kujua asichokula." Akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekula kwake mara zisizohesabika. "Wewe usihuzunike, mwalimu." Akanijazia mkebe wa Mgeni Atachoka nikapande kwetu. Kiirua ni baridi, kunde hazistawi. Mkebe nao ninao.

Alifariki miaka michache baadaye, mwaka wa mvua nzuri. Daktari alizungumza mazishini, akamwita "mwenzangu wa utafiti," na watu wakadhani ni mzaha wa heshima. Mimi nilikuwa na kikao siku hiyo. Kilikuwa kikao cha kweli, na kingeweza kuahirishwa.

Makala yetu imenukuliwa mara nyingi kuliko vyote vingine nilivyoandika vikijumlishwa pamoja. Mtafiti wa mahali nisipopajua akitaka kusema kwamba wakulima hupima kwa majina, anaandika jina la Daktari, "na," jina langu, kisha mwaka. Kwa maneno mengine, kosa langu lina wasomaji wa kimataifa. Kila anayeninukuu analirudia kwa ajili yangu, bure, kwa nia njema, tena kwa usahihi wa herufi.

Kisha ikaja kamati. Wakati huo nilikuwa mwandamizi, na kwa sababu nilijua kutumia lahajedwali, nilifanywa katibu wa kamati ya kupandisha vyeo. Faili ya Daktari ilikuja ikiwa imebaki miaka miwili astaafu. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Niligawanya alama zake mimi mwenyewe: kwa kumi na wanne, kwa tisa, kwa kumi na moja.

"Huyu ameandika na kijiji kizima," mwenyekiti akasema. "Hebu angalia kama chifu yumo."

Wakacheka. Nami nikacheka, sauti yangu nilisikia ikichelewa kidogo. Nikajumlisha. Alipungukiwa. Hakupungukiwa sana, makala moja zaidi katika jarida kubwa ingemvusha, hata ikigawanywa kwa kijiji.

"Sielewi," akasema mjumbe mmoja, mama mpole wa kemia. "Ana ile kazi ya miaka sita. Kwa nini hakuipeleka kwenye lile jarida mlilochapisha pamoja?" Akanigeukia. Wote wakanigeukia. "Walikosana? Wewe unajua?"

Ningeweza kusema pale. Faili ilikuwa wazi, na kanuni ziliruhusu kuahirisha ikiwa kuna maelezo. Maelezo yalikuwa yamekaa kwenye kiti cha katibu, yamevaa mkufu wa lulu bandia.

"Sijui," nikasema.

Niliandika hivyo kwenye kumbukumbu pia, maana mimi ni katibu mwaminifu: sababu haikujulikana.

Alistaafu akiwa Daktari. Sikumwona karibu mwaka mzima. Nilikuwa nazunguka Majengo kama mtu anayekwepa mbwa. Mwaka jana, mchana mmoja, mvua ilinisukuma chini ya kibaraza, na kibaraza kilikuwa cha bucha. Alikuwepo, kiti kile kile, suruali fupi ile ile, miwani imeongezeka unene.

"Mwalimu wa Lugha!" akasema, na akafurahi kweli, na furaha hiyo ilinichoma zaidi ya chochote ambacho angeweza kusema. "Ndugu yangu, mkatie mwalimu. Mahali pazuri."

"Sawa, Profesa," nduguye akajibu kwa mazoea.

"Daktari," akasahihisha.

Nikaona tofauti. Zamani alisema bado. Nduguye pia aliiona. Alitazama gogo lake la kukatia nyama, akaanza kukata mahali ambapo palikuwa pamekwisha kukatwa.

"Nilitaka kukupigia simu," Daktari akaendelea. "Wale watu wa jarida."

"Watu gani?" nikauliza, ingawa duniani hapakuwa na watu wengine.

"Waliomng'oa Cucu. Sasa wana utaratibu mpya. Makala ya zamani ikiwa na kosa, wanairekebisha. Mhariri yule aliondoka, aliyepo ni msichana, ana adabu, anajibu. Nimemwandikia warudishe jina. Na waombe radhi, si kwangu, kwa familia kule Siakago. Mjukuu wake amejenga, ana ukuta mzuri wa kubandika." Akanywa maji. "Nimekutaja wewe kama shahidi. Si wewe ndiye waliyemwambia?"

Nyama ikaletwa. Nilitafuna. Sijawahi kutafuna kitu kwa muda mrefu namna ile.

"Utawaeleza, si ndiyo? Wewe una maneno."

"Nitawaeleza," nikasema, nikashukuru mvua ilipopungua.

Wiki tatu baadaye barua pepe ikaja, yenye adabu kweli. Mhariri aliandika kwamba wamepekua kumbukumbu zao. Faili waliyopokea kutoka kwangu, ya siku ya kwanza kabisa, ilikuwa na waandishi wawili. Hawakuona barua yoyote ya kumwondoa wa tatu, wala malalamiko yoyote yaliyowahi kufika. Labda nakumbuka zaidi? Wangependa kusikia kutoka kwangu kabla hawajamjibu mwenzangu siku ya Ijumaa.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Niliandika majibu manne. La kwanza lililaumu kompyuta, la pili lililaumu msaidizi ambaye sikuwahi kuwa naye, la tatu lilisema miaka ni mingi. La nne lilikuwa zuri sana; lilisema kwamba kazi za ushirikiano zina utata wake. Lilikuwa na sentensi ambayo hata sasa naionea fahari. Nikayafuta yote. Kufuta najua.

Jumatano asubuhi nilikuwa nyumbani kwa mama, Kiirua. Nikapanda hadi mwisho wa shamba la viazi, pale mtandao unaposhika, nikampigia mhariri kwanza, nikamweleza, akasema asante kwa sauti ya mtu anayeandika. Nikabaki nimesimama kwenye mitaro. Kisha nikampigia yeye.

"Mwalimu wa Lugha. Sema."

Nyuma yake nilisikia panga likigonga gogo, na mteja akiuliza matumbo.

"Daktari, ni kuhusu Cucu. Wamejibu. Nilitaka usikie kwangu kabla hujaisoma." "Lile jina... lilitokea kwangu. Kulikuwa na mkanganyiko wakati wa kutuma. Jarida halina kosa."

Panga lilisimama. Labda nduguye alimwona uso. Nilingoja aniulize kwa nini, nilingoja aniulize juu ya barua, nilikuwa tayari hata kwa tusi. Ningelipokea kama kitu cha kushika.

"Rudia," akasema.

Upepo ulikuwa unatoka upande wa mlima, na mikono yangu ilikuwa baridi. Nikatazama tena.

"Nililifuta mimi," nikasema. "Makusudi, kabla ya kutuma, ili nipate nusu badala ya theluthi. Mhariri hakusema lolote kuhusu taasisi. Barua yako sikuituma, ninayo. Na kwenye kamati waliniuliza kwa nini hukupeleka kazi yako kule. Ingetosha. Nilijua ingetosha, nilikuwa nimejumlisha mwenyewe. Nikasema sijui."

Nilisikia karatasi ikigeuzwa, au nilidhani nimeisikia.

"Nimeandika," akasema, na akakata simu.